Mkamwana Aliyepita Bila Salamu

"Hatuendi Kazimia," akasema Mama Adolphine, akageuza uso kuelekea ukutani.

Aligeuza uso tu, maana bega lilikataa. Mfupa wa bega la kushoto ulikuwa umevunjika, na daktari Albert alikuwa amemzungushia bandeji kifuani na mgongoni kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Kwa hiyo hata kununa alilazimika kununa kwa shingo. Lakini Mama Adolphine alikuwa fundi wa kununa tangu ujana wake. Shingo ilimtosha.

Wilfried, kifungua mimba wake, alibaki amesimama kando ya kitanda na bakuli la mboga ya sombe mkononi. Alikuwa kijana mrefu, motari wa kubeba abiria pale Baraka, mtu wa maneno mengi na pikipiki moja. Asubuhi hiyo maneno yalimwisha.

"Mama, ni Jumamosi hii. Baba mudogo Norbert amesha kuongea na mwenye boti. Mbuzi iko imefungwa nyuma ya nyumba."

"Mufungue."

"Bakwe beko banatungojea."

"Bangoje. Mi pia nilingojea."

"Juu ya nini, mama? Nieleze basi."

Mama Adolphine akaangalia ukuta kama ndio uliomuuliza. "Ule musichana yako alinipita bila kunisalimia."

Wilfried alikaribia kucheka. Kicheko kilifika kooni kikaona hali ya hewa huko nje, kikarudi kilikotoka. Mtu wa Fizi anaweza kusamehewa mengi. Akiiba kuku atalipa kuku. Akilewa ataoga. Lakini msichana anayetaka kuolewa, akampita mama wa bwana wake kimya, tena mama mwenyewe ndiye aliyetangulia kutoa salamu, huyo hasameheki. Hata mapadri na wachungaji, ambao hawakubaliani kuhusu ubatizo, wangekubaliana kuhusu hilo.

"Mi mukubwa nikasema, Émilienne, mutoto yangu, jambo," akaendelea mama. "Akaniangalia sawa muti. Akanifunga kitambaa, akasema, Anayefuata. Anayefuata, Wilfried. Mi niliyekuzaa, niko foleni."

Na hayo yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana Wilfried hakujua aanzie wapi.

*

Siku yenyewe ilianza kwa simu. Fuso iliyotoka Kilembwe, imebeba mihogo, karanga, na watu wamekaa juu ya mihogo na karanga, ilikosa breki katika mteremko wa Fizi ikalala ubavu. Watu zaidi ya thelathini walikuwa juu yake. Wawili hawakuamka. Waliobaki walikuwa njiani kuja hospitali, kwa gari, kwa machela, kwa migongo ya pikipiki, wote pamoja.

Kwa siku kama hizo hospitali ilikuwa na mtu mmoja wa mlangoni, naye ni Émilienne. Muuguzi, binti wa Kazimia, mdogo wa umbo kiasi kwamba kizibao cha rangi ya machungwa, wenyewe wanakiita jile, kilimfika magotini. Akishavaa jile, hatibu mtu. Anasimama mlangoni, anaangalia kila anayeingia kwa muda wa pumzi mbili tatu, anamfunga kitambaa mkononi, basi. Chekundu, apelekwe ndani sasa hivi. Njano, alale barazani, atafuatia. Kijani, anatembea na anaongea, akakae hemani angoje. Cheusi, hakuna tena la kufanya. Bila huyo wa mlangoni madaktari watamshika anayelia sana, na anayekufa kimya atakufa kimya.

Ni Émilienne huyohuyo aliyewafundisha motari, miezi kadhaa nyuma, katika uwanja wa hospitali. Motari walihitajika kufunga barabara, kuwaleta wenye majeraha madogo, na kushika kamba ya kuzuia familia. Siku ya mazoezi alitaka wa kuigiza majeruhi, Wilfried akajitolea haraka, akaanguka chini na kulia kwa ustadi. Émilienne akamtazama, akamfunga kitambaa cheusi.

"Huyu amekwisha. Mumuache."

"Muganga, mi niko nalia," Wilfried akalalamika.

"Marehemu, nyamaza."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Wilfried alilazwa juani na akasahaulika huko hadi mazoezi yakaisha. Émilienne alipokuja kumfungua kitambaa, alimkuta bado amelala, macho kwake.

"Marehemu anaweza kuuliza jina?" akasema.

"Hapana. Lakini anaweza kusema asante, tumemuazima kivuli." Na kweli, jua lilikuwa limeshazibwa, Émilienne alikuwa amesimama mbele yake. Mapenzi yao yalianzia hapo, chini, kwenye vumbi, mmoja akiwa maiti.

Siku hiyohiyo ya mazoezi Émilienne aliweka sheria iliyozua ubishi kuliko zote: mlangoni hakuna salamu.

"Salamu ya Baraka munaijua nyinyi wote," akawaambia. "Utauliza nyumba, utauliza batoto, utauliza mashamba, utauliza ule mugonjwa wa mwaka jana. Muntu wangu mwekundu atakufa tuko kwa mashamba. Mwenye kuvaa jile hasalimie muntu na hasalimiwe. Ata askofu."

"Na mama yako?" mmoja akauliza.

"Ata mama yangu."

Wilfried alipiga makofi zaidi ya wote. Hakujua kwamba alikuwa anapigia makofi shida yake mwenyewe.

Siku ya Fuso alikuwa kwenye kamba. Aliwaona wanavyoshuka: wenye damu, wenye vumbi, wenye kukumbatia mkono wao kama mtoto mchanga. Kisha akaona mama yake anashuka kwenye pikipiki ya mwenzake, kichwa wazi, kilemba kimepotea, anatembea kwa miguu yake na kushikilia bega. Mama alipomwona Émilienne uso wake ulifunguka. Ni kama mtu aliyefika mji wa wageni akaona mlango wa nyumbani.

"Émilienne, mutoto yangu, jambo."

Émilienne alimtazama. Akamsikiliza pumzi. "Kunja vidole. Kunjua. Unaumwa tumbo?" akauliza, mama akatikisa kichwa. Akamfunga kijani. "Hemani kule. Anayefuata."

Miguu ya Wilfried ilikwisha kuondoka kabla hajaiamuru. Filimbi ikalia. Émilienne hakumwita kwa jina. Alimwonyesha tu kamba kwa kidole, na nyuma ya Wilfried familia za watu zilikuwa tayari zinasukumana kuingia. Alirudi. Alishika kamba. Mama yake akapita hatua chache kutoka kwake, naye hakusogea.

Kutoka hemani sauti ilianza hapohapo, sauti iliyosikika uwanja mzima na pengine hadi Lusenda. Mama Adolphine aliwaambia walio hai na wasio hai malezi ya watu wa Kazimia yakoje. Kazi iliendelea. Jua liliposogea, filimbi ikalia tena, na Émilienne akamwita Wilfried, safari hii kwa jina.

"Hemani. Kuna sauti imenyamaza. Kimbia."

Alikimbia. Alimkuta mama yake ana kikombe cha maji mdomoni. Akanyoosha kidole gumba kutoka mbali, Émilienne akageukia majeruhi aliyekuwa mbele yake. Wilfried alidhani ni taratibu za kazi. Alikuwa amemaliza sekondari, alama zake zilikuwa nzuri, lakini kuna mambo ambayo hawafundishi.

*

Wilfried alimkuta Émilienne nyuma ya jengo la upasuaji, kwenye karai, anafua vitambaa. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa nyekundu na njano na kijani, vinapepea kama sikukuu. Émilienne hakuwa na jile. Alikuwa na kitenge na mikono iliyojaa povu.

"Banasema mi sina adabu," akasema kabla hajasalimiwa.

"Nani amekuambia?"

"Mama yako amesema kwa sauti, Wilfried. Mwenye kufagia alinihurumia."

Wilfried akachukua kitambaa ndani ya karai akaanza kukikamua. Alikikamua vibaya. Émilienne akamnyang'anya.

"Amesema hatuendi Kazimia," akasema Wilfried.

Mikono ndani ya povu ikasimama. Jumamosi ilikuwa siku ambayo baba yake Émilienne alikuwa amewaita ndugu wote, shangazi walikuwa wameshona kitenge cha aina moja, na mama yake alikuwa anakausha samaki tangu wiki mbili. Ukiahirisha mbele ya ukoo mzima, ukoo mzima utataka kujua kwa nini, na baba wa Kazimia hakuwa mtu wa kupokea wachumba mara mbili. Alikwisha kusema hivyo.

"Asipokuja yeye hakuna mwenye atakuja," akasema Émilienne polepole.

"Najua."

"Na baba yangu atafunga mulango."

"Najua, Émi. Ndiyo nimekuja." Akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Iko njia nyepesi. Unaingia, unapiga magoti, unasema, mama, ile siku damu ilikuwa mingi, macho yangu ilikuwa na giza, sikukujua. Basi. Atalia kidogo, utalia kidogo, baba mudogo Norbert atalia juu anapenda kulia, tunaenda Kazimia."

"Nilimujua."

"Najua ulimujua. Ni maneno tu."

"Nilimujua mbele sijaona uso. Nilijua kutembea kwake." Akainua macho, na Wilfried, aliyekuja na utani wa kutosha wiki nzima, aliona kwamba macho hayo hayakulala. "Unataka nianzie ndoa na bongo, na uongo? Leo nimudanganye mama, kesho Fuso ingine ianguke, nimupite tena, niseme tena macho ilikuwa na giza? Atasema mukamwana yangu ni kipofu."

"Kesho Fuso haitaanguka."

"We motari unasema hivyo?"

Breki za Fuso za barabara ile Wilfried alizijua kwa majina.

"Na we?" akauliza Émilienne. "Ile siku uliona nini?"

"Niliona filimbi inanirudisha kwa kamba."

"Ulinichukia?"

Angeweza kufanya mzaha hapo. Kulikuwa na nafasi, na mzaha ulikuwa umekwisha kuiva. Lakini alimwangalia mkono wake, mdogo, umekunjamana kwa maji ya sabuni, ambao siku ile ulimwonyesha mahali pa kusimama huku watu zaidi ya thelathini wakimwagika mbele yake, na akasema ukweli.

"Kidogo. Mpaka nilipoona bale bekundu banaingia ndani bila kusukumwa. Nikasema, huyu akinirudisha kwa kamba maisha yote, nitarudi."

Émilienne aligeuza uso upande wa kamba ya nguo. Mabega yake yalitikisika mara moja tu. Wilfried akatoa mkono ule ndani ya karai, ukiwa na povu vilevile, akaushika kati ya mikono yake miwili, naye hakuuondoa. Povu likawakaukia polepole, wakaliacha likauke.

"Twende," akasema Émilienne mwishowe. "Nitaingia. Lakini sitasema sikumujua."

"Basi tumekwisha."

"Pengine."

*

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda sita na wageni wa vitanda ishirini. Baba mdogo Norbert alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kiti pekee, ametanua miguu na kutoa hotuba.

"Mukamwana asiye na salamu," alikuwa anasema, "ni sawa nyumba haina mulango. Utaingilia wapi?"

"Kwa dirisha," akasema mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alikuwa mama mmoja kijana anayeitwa Gentille, mfanyabiashara wa karanga, aliyepasuliwa tumbo siku ile ya ajali na kushonwa. Tangu jana Mama Adolphine alikuwa anamgawia uji wake nusu kwa nusu, huku akimkumbusha kila kijiko kwamba ndiye aliyempita mbele kwenye foleni.

Émilienne akaingia. Norbert akafunga mdomo, jambo ambalo lilitokea mara chache. Alikuja hadi kando ya kitanda, akapiga magoti juu ya saruji, akapiga makofi mepesi mawili ya heshima.

"Mama, jambo."

Ukuta haukujibu, na Mama Adolphine alikuwa anauangalia ukuta.

"Nani anaongea?" akauliza mama.

"Ni mi, Émilienne."

"Simujui. Kuna mumoja najua anafanana naye, anavaa jile. Ule hasalimiake bantu."

Gentille akakohoa ndani ya shuka. Wilfried alikuwa nyuma, karibu na mlango.

Mama Adolphine akageuza shingo. Sasa walikuwa wanaangaliana, mama mwenye uso wa michubuko na msichana aliyepiga magoti, na hakuna kati yao aliyepepesa.

"Nakuuliza neno moja tu," akasema mama. "Ile siku ulinijua ao haukunijua?"

Hapo ilikuwa njia nyepesi, imefagiliwa na imenyooka. Wilfried alimwomba Mungu, na alimwomba pia Émilienne, kwa macho, aifuate.

"Nilikujua, mama."

Norbert akavuta pumzi kwa pua.

"Ulinijua."

"Nilikujua uko ungali kwa moto, juu ya pikipiki."

"Na ukanipita."

"Nikakupita."

"Na Fuso ingine ikianguka kesho, niko ndani?"

"Kama unatembea na unaongea, nitakupita tena," akasema Émilienne. "Sitakuambia bongo, mama. Nitakupita."

"Mumesikia," akasema Norbert, akasimama akitafuta kofia yake. "Mumesikia kwa masikio yenu. Wilfried, nenda kwa mwenye boti, umuambie—"

"Norbert, kaa," akasema Mama Adolphine. "Kiti ile inalia ukisimama." Hakuondoa macho kwa msichana. "Maliza. Naona haujamaliza."

Émilienne alikuwa ameshika ukingo wa godoro kwa vidole vyake.

"Kwa kazi yetu tunafundishwa, mwenye kupiga kelele iko na pumzi. Tafuta mwenye amenyamaza. We, mama, uliingia hemani ukaanza kunigombeza. Ulisema sikufundishwa. Ulisema bantu ba Kazimia banajua samaki, heshima hapana. Ulisema baba yangu ni mufupi."

"Ni mufupi," akasema mama.

"Ni mufupi. Nilikuwa nasikia yote. Nilikuwa nafunga muntu kitambaa, nasikia unatukana, najua uko mzima, naenda kwa mwingine. Ile matusi ndiyo ilinipa nguvu ya kusimama. Mara ukanyamaza."

Wilfried, kule mlangoni, akakumbuka. *Kuna sauti imenyamaza. Kimbia.*

"Nilikuwa na kitambaa chekundu mukononi," Émilienne akaendelea. "Muntu iko mbele yangu, tumbo imepasuka. Mikono ikakataa. Mi mwenye nafundisha bengine, mikono yangu ikakataa kufunga. Nikasema, mama Adolphine amekufa kule hemani, na mi nilimupita bila salamu. Nikamuita Wilfried. Mpaka alipoinua kidole ndiyo mikono ilirudi."

"Nilikuwa nakunywa maji," akasema Mama Adolphine. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sikujua."

"Koo ilikauka. Kukutukana ni kazi."

"Ndiyo, mama."

Hata wageni wa vitanda vingine, ambao walijifanya wanaongea mambo yao, waliacha kujifanya. Émilienne akageuka, bado juu ya magoti yake, kumwelekea Gentille.

"Ule mwenye kitambaa chekundu ni we," akasema. "Nilikuchelewesha. Kidogo, lakini nilikuchelewesha, juu ya mama. Nilitaka ujue."

Gentille alimtazama. Alikuwa na uso uliopauka na macho makubwa.

"Mi sikuona kuchelewa," akasema. "Niliona muntu analia na bado iko nafunga. Nikasema, kama huyu iko nalia juu yangu, basi sitakufa, nikikufa nitaaibika." Akajishika tumbo. "Musinichekeshe, nyuzi zitakatika."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Mama Adolphine alikuwa ameinamisha shingo, anaangalia mikono yake juu ya shuka, mmoja mzima na mmoja umefungwa. Hakuzaa binti. Alizaa wavulana wanne, wote wenye miguu mirefu na akili za pikipiki, na kwa miaka yote hiyo, akiumwa, wao walimletea dawa na kusimama mlangoni wakiuliza kama amepona. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikiliza kama amenyamaza.

"Toka," akasema.

Émilienne hakuelewa. Alidhani amefukuzwa. Alisimama, magoti yana vumbi la saruji, akapita mbele ya Wilfried bila kumwangalia, akatoka.

"Mama," Wilfried akasema.

"We nyamaza. Nyosha shuka. Norbert, ondoa miguu kwa njia. Kilemba iko chini ya mto, ile ya buluu, nipatieni. Munataka mukamwana anikute kichwa wazi?"

Iliwachukua muda kuelewa, kwa kuwa wanaume ni wagumu. Kisha ikawa fujo. Wilfried alinyoosha shuka akamgonga mama bega, mama akapiga kelele. Norbert alichukua kilemba akajaribu kukifunga, akakizungusha mara tatu, kikawa kama kiota.

"Unanifunga sawa mufuko ya mihogo," akasema mama. "Acha. Acha tu, nitabaki hivi."

"Hodi," akasema Émilienne nje; kupitia pazia la mlango alikuwa amesikia yote.

Wilfried alitaka kukimbilia mlango. Mama akamzuia kwa jicho.

"Ngoja kwanza," akaita kwa sauti ya utulivu kabisa. "Kuna benye hali mubaya kuliko we." Akamgeukia Gentille. "Mama Gentille, umeamkaje? Tumbo inasemaje? Na karanga zako, zilipatikana?"

"Zilipatikana nusu, mama."

"Asante Mungu. Na bwana?"

"Iko."

"Na batoto?"

"Beko, mama. Banakula." Gentille alikuwa amefumba macho na kubana midomo, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Nje hakuna aliyebisha tena. Wilfried aliona ncha ya kitenge chini ya pazia la mlango, haisogei. Émilienne alikuwa anangoja. Angengoja hadi jioni.

"Karibu," akasema Mama Adolphine.

Akaingia. Akapiga magoti. Akasalimu, na safari hii akajibiwa, akaulizwa nyumba, akaulizwa baba, mfupi, na mama, na bibi wa Kazimia, na samaki kama wanakauka vizuri. Akajibu moja moja, na sauti ikamkatika mahali fulani kati ya bibi na samaki, mama akamwacha apumue kisha akaendelea kuuliza alipoishia.

"Njoo hapa," akasema zilipokwisha. "Inuka. Banaume beko banaharibu kichwa yangu. Nifunge wewe."

Émilienne aliinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akafungua kiota cha Norbert. Nywele za mama zilikuwa na mvi upande mmoja, na bado kulikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Fizi ndani yake. Akazipangusa kwa kiganja, taratibu, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, mara ya kwanza, mara ya pili, na Mama Adolphine, ambaye hakuwahi kuonwa na mtu akifumba macho mchana, akafumba macho.

"Kaza," akasema. "Mi si yai."

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi sitaweza boti. Itanitikisa. Norbert, utaenda na mbuzi peke yako kwa baba yake, useme mama wa kijana iko anauguzwa na binti yao. Useme hivyo hivyo. Anauguzwa na binti yao. Akiuliza kama mi mwenyewe nitafika, umuambie bega ikipona nitakuja kwa miguu yangu."

"Atakubali?" Norbert akauliza.

"Ni baba. Atakaa siku mbili anatembea kifua mbele." Akafungua jicho moja. "Wilfried, mbona unaangalia binti ya bantu hivyo mbele ya wakubwa?"

Wilfried alikuwa anamwangalia Émilienne juu ya kichwa cha mama yake, na Émilienne alikuwa anamwangalia yeye, kilemba cha buluu kati ya vidole, fundo bado halijakazwa, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kulikaza.